Laptopu inajizima: nitengeneze au ninunue nyingine?

SWALI: Laptopu yangu ya miaka 6 hupata moto, feni hunguruma, kisha inajizima baada ya dakika 10. Fundi anasema mazabodi (bodi kuu ya saketi) imekufa. – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Mazabodi iliyokufa haiwaki dakika 10! Shuku vumbi, au pesti ya prosesa (krimu inayopitisha joto kutoka kwa prosesa, yaani chipu kuu) iliyokauka. Fundi achomoe betri kwanza, apulize vumbi huku ameishika feni isizunguke, afute pesti kuukuu kwa spiriti, apake mpya kiasi cha punje ya mchele. Feni ikikwama, ibadilishwe yenyewe tu.

Bado inazima? Linganisha gharama: ikipita nusu ya bei ya mtumba wa aina hiyohiyo, nunua nyingine. Ila diski ya zamani ubaki nayo. Faili zako zimo humo.