Kilomita za Angani Zisikudanganye

Nikitaka kujua safari ya ndege kati ya viwanja viwili vidogo itanichukua muda gani, umbali huwa nautazama mwisho. Si kwamba hauna maana. Ila namba unayopewa mtandaoni ni ya mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, na ndege haiufuati sawasawa. Rubani hupita njia alizopangiwa, hukwepa mawingu ya radi, na mara nyingi huzunguka kabla ya kutua ili aukabili upepo. Angalia na kipimo chenyewe: maili ya marubani ni ile ya baharini, kilomita 1.852, wakati ya barabarani ni 1.609. Ukizichanganya, katika maili 300 umeshapotea zaidi ya kilomita 70.

Hesabu yangu ni rahisi na hainiangushi sana. Nagawa umbali kwa mwendo wa ndege, kisha naongeza nusu saa ya kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua. Ndege za mapangaboi kama ATR 72 hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, jeti hukaribia 800. Kwa kilomita 400, ya mapangaboi itatumia kama dakika 48, jeti 30, na ile nusu saa ni ya wote. Dakika 18! Kwa safari fupi namna hiyo siongezi nauli ili nipande jeti. Kelele zikikukera, usichague kiti kilicho usawa wa mapanga.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi tayari una hiyo nusu saa ndani yake, kwa sababu huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Saa ya kuondoka na ya kufika, kila moja ni ya mahali pake. Majira yakitofautiana, usitoe moja kwa nyingine ukadhani umepata muda wa safari.

Kinachokula siku hasa ni kukosa ndege ya moja kwa moja. Viwanja vidogo vingi havina safari kati yao, hivyo unapelekwa kwanza kwenye uwanja mkubwa, pengine nyuma kabisa ya unakokwenda, ukasubiri huko. Hapo kilomita 400 zinameza nusu ya siku, na basi linaweza kukutangulia. Ukilazimika kuunganisha, nunua tiketi moja ya safari nzima: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo litakalokutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya pili ikikuacha umeachwa, na huenda ukalazimika kuchukua begi lako na kulikabidhi upya. Mimi huacha angalau saa mbili katikati, na huchagua ndege ya asubuhi kwa kuwa ndege ileile huzunguka viwanja kadhaa kwa siku, na ucheleweshaji wa mchana huishia kwa abiria wa jioni.