Maswali ya Wasomaji: Springi na Shokapu za ATC ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga na kwa sasa ninaishi Ohio. Mwaka jana nilinunua Honda ATC250R ya mwaka 1985 iliyokuwa imelala ghalani kwa muda mrefu. Injini inawaka vizuri, lakini nikipita kwenye kijituta kidogo tu shokapu za mbele hugonga mwisho hadi viganja vinauma, na nyuma hunirusha kama punda aliyechomwa mwiba. Nina uzito wa kilo 104. Duka moja la vipuri limenishauri ninunue springi ngumu kuliko zote walizonazo, pamoja na shokapu ya nyuma iliyo ndefu kwa milimita 20 kuliko ya kiwandani, eti chombo kitainuka na hakitapenda tena kupinduka kwenye kona. Je, nifuate ushauri huo? – Msomaji, Ohio, Marekani.

JIBU: Ndugu msomaji, springi ngumu zaidi huenda ukazihitaji, ingawa si lazima ziwe zile ngumu kuliko zote, shokapu ndefu ikatae, na hoja ya kwamba vitu hivyo vitazuia kupinduka haina msingi, kwa sababu nitakazoeleza. Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, fungua ulichonacho.

Kwa wasomaji ambao magurudumu matatu huwaletea picha ya bajaji ya abiria, chombo kinachozungumzwa hapa ni kingine kabisa. ATC ni pikipiki ya porini yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, matairi yake manene na laini, na mpandaji hukaa juu yake kama juu ya farasi. Honda ilianza kuiuza Marekani mwaka 1970. Makubaliano kati ya serikali ya nchi hiyo na makampuni yaliyoitengeneza, ya Desemba 1987, yaliyothibitishwa na mahakama Aprili 1988, yalikomesha uuzaji wa mpya kwa sababu ya wingi wa ajali. Ndiyo maana kila ATC ya aina yako iliyopo leo ni kikongwe, na ndiyo maana nasema tuanze na uzee kabla ya uboreshaji.

Springi na shokapu zina kazi mbili tofauti ambazo watu wengi huzichanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito wa chombo na wa mpandaji. Shokapu haibebi kitu cha maana. Kazi yake ni kupunguza kasi ya springi inapobonyea na inaporudi, kwa kulazimisha oili ipite kwenye matundu madogo na vibati vyembamba vilivyo juu ya pistoni. Sasa tazama dalili yako ya nyuma. Kiti kinachokurusha ni ishara kwamba springi inarudi bila wa kuizuia, yaani oili imechakaa au imevuja, au gesi ya naitrojeni, ambayo huikandamiza oili isitoe povu, imeshatoka. Ukiweka springi ngumu zaidi juu ya shokapu ya namna hiyo, springi hiyo itahifadhi nguvu nyingi zaidi na kukurudishia zote kwa pamoja, na punda wako atazidi ukali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuipeleka shokapu ya nyuma kwa fundi mwenye vifaa vya kuifungua. Abadilishe oili, sili na mpira unaotenga gesi na oili ndani ya kile kichupa cha pembeni, kisha ajaze naitrojeni kwa kipimo cha kitabu cha matengenezo. Usiifungue mwenyewe uani kwa spana na nyundo, kwa kuwa gesi iliyomo, hata ikiwa imepungua, inaweza kurusha kifuniko kwa nguvu ya kutoboa jicho. Mwambie pia achunguze ule mti unaong'aa unaoingia na kutoka. Ukiwa umeingia kutu na kuwa na vishimo, utakata sili mpya katika muda mfupi, na gharama yote itakuwa imekwenda bure.

Shokapu ikiwa kwa fundi, fungua vipande vya chuma vinavyoiunganisha na ule mkono mkubwa unaobeba ekseli ya nyuma, ambavyo Honda iliviita Pro-Link. Ndani yake mna bushi na beringi ambazo hukaa karibu na matope na maji, na wenye vyombo wengi hawajawahi kuzitia grisi tangu wanunue. Nimewahi kukutana na chombo ambacho mwenyewe alikuwa amebadilisha springi mara mbili akilalamika kuwa nyuma ni ngumu kama jiwe, kumbe bolti moja ya kiungio ilikuwa imegandana na bushi yake kwa kutu na haizunguki. Ukiondoa shokapu, mkono wa nyuma unapaswa kupanda na kushuka kwa ulaini, na usicheze hata kidogo ukiusukuma upande upande.

Sasa ndipo tufike kwenye springi. Chuma cha springi hakigeuki kuwa laini kwa sababu ya umri. Kinachotokea ni kwamba springi hupungua urefu, na kutu ikiitafuna waya wake huwa mwembamba na huweza kukatika. Kwa hiyo ilinganishe urefu wake na ule ulioandikwa kitabuni kabla ya kuilaumu. Ikiwa ni nzima, pima inavyozama. Inua nyuma ya chombo hadi magurudumu yaning'inie, kisha pima kwa futi kutoka ekseli hadi alama uliyoichora kwenye fenda. Kishushe, kitikise kidogo, upime tena kikiwa peke yake. Halafu kaa juu yake ukiwa na helmeti, buti na mavazi yako yote, na mtu mwingine apime. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho inapaswa kuwa karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Kama mwendo huo ni milimita 230, basi zama yako ukiwa juu iwe kama milimita 70 hadi 75. Fanya vivyo hivyo mbele.

Kipimo cha katikati, cha chombo kikiwa peke yake, wengi hukipuuza, nacho ndicho kinachosema ukweli kuhusu springi. Ukikaza ile nati kubwa ya juu ya springi hadi ukapata theluthi yako, lakini chombo bila mpandaji hakizami hata kidogo, maana yake springi ni laini mno kwa uzito wako na unailazimisha kwa kuikandamiza. Kukaza nati huinua tu mahali springi inapoanzia kazi, wala hakuongezi ugumu wake. Kinyume chake, kama theluthi imepatikana huku chombo kitupu kikizama sana, springi ni ngumu kupita kiasi. Kwa mtu wa kilo 104 ninatarajia utaikuta hali ya kwanza, nawe utakuwa na haki ya kununua springi ngumu zaidi, lakini kwa hatua moja tu kisha upime upya. Ugumu hupanda haraka kuliko macho yanavyodhani: waya ukinenepa kutoka milimita 10 hadi 10.5, na mengine yote yakibaki vilevile, springi huwa ngumu zaidi kwa zaidi ya asilimia 20. Kuna mafundi watakaokushauri ukate springi ya zamani. Ni kweli kwamba springi yenye mizunguko 10 inayofanya kazi ikikatwa mmoja huwa ngumu kwa asilimia 11 hivi, lakini huwa fupi pia, na ncha iliyokatwa haikai bapa, hivyo hubonyea kwa kupinda. Nilifanya hivyo ujanani kwenye pikipiki ya mjomba wangu, na sikurudia.

Kuhusu shokapu ndefu, sababu ya kuikataa ni hesabu. Viungio vya nyuma hufanya gurudumu litembee mwendo mrefu kuliko shokapu yenyewe. Tukichukulia kuwa gurudumu hupanda milimita 3 kwa kila milimita 1 ya shokapu, basi milimita 20 ulizoshauriwa zitainua nyuma kwa milimita 60. Mnyororo utaanza kusugua mkono wa nyuma, usukani utakuwa mwepesi wa kuyumba kwa kuwa pembe ya mbele imesimama zaidi, na uzito wote utakuwa umepanda juu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kupinduka. Ekseli ya nyuma ya ATC ni chuma kimoja kisicho na difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, nayo imefungwa kwenye mkono unaoweza kupanda na kushuka tu. Mkono huo hauwezi kulala upande. Kwa hiyo chombo kinapoegemea kwenye kona, ekseli na fremu huegemea pamoja, na springi ya katikati haihusiki kabisa. Kinachobonyea ni matairi. Hakuna springi duniani itakayoizuia ATC isipinduke, wakati kuinua fremu kwa milimita 60 kutaisaidia kupinduka. Kona ya ATC hupitwa kwa mwili wa mpandaji, kwa kuhamia upande wa ndani, na kwa mwendo unaolingana na ardhi.

SWALI: Nina ATC110 ya mwaka 1982 ambayo haina springi wala shokapu mahali popote. Ninataka kuchomelea shokapu mbili za pikipiki nyuma ili watoto wangu wasiumie mgongo. Nianzie wapi? – Msomaji, Michigan, Marekani.

JIBU: Usianze. Fremu hiyo ilichorwa ikiwa kitu kimoja na ekseli yake, na ukiikata ili kupachika mkono unaocheza utakuwa umetengeneza chombo kipya ambacho hakuna mhandisi aliyekipigia hesabu. Matairi ndiyo springi zake. Yanahitaji presha ndogo sana, kama psi 2 hadi 3, na geji ya kawaida ya gari haiwezi kuisoma presha hiyo kwa uhakika, kwa hiyo nunua geji ya presha ndogo. Wengi huyajaza hadi yanakuwa magumu kama mpira wa kikapu, kisha wakalalamika kuhusu mgongo. Zungushia futi ya kitambaa kila tairi la nyuma baada ya kulijaza na uhakikishe mzunguko wake unalingana na wa mwenzake, kwa sababu bila difu tairi kubwa huvuta chombo upande mmoja. Kama matairi yamepasuka kwa uzee, fedha ya kuchomelea iende huko. Na kwa kuwa umewataja watoto: chombo hiki ni cha mtu mmoja, na mtoto asiyeweza kukihamishia uzito wake kwenye kona bado hajafikia umri wa kukipanda, kiwe na shokapu au kisiwe nazo.

SWALI: Nimetia oili ya injini namba 40 kwenye shokapu za mbele za ATC200X yangu ili ziwe ngumu. Sasa hazigongi mwisho, lakini kwenye mawe madogo zinatetemesha mikono kuliko mwanzo. Nimekosea wapi? – Msomaji, Arizona, Marekani.

JIBU: Umetumia oili kufanya kazi ya springi. Katika shokapu za miaka ile oili hupita kwenye matundu yenye ukubwa usiobadilika, na kadiri gurudumu linavyopanda kwa kasi ndivyo oili inavyokataa kupita. Oili nzito hugeuza kila jiwe dogo kuwa pigo. Imwage yote, safisha ndani, kisha rudi kwenye oili ya shokapu ya uzito uliotajwa kitabuni, ukikumbuka kuwa namba 10 ya kampuni moja inaweza kuwa nzito kuliko namba 10 ya nyingine, kwa hiyo usichanganye chupa. Kama zitagonga tena, toa springi, bonyeza shokapu hadi mwisho, na upime kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Ukipandisha oili kwa milimita 5 au 10, hewa iliyobaki juu itabanwa zaidi mwishoni mwa mwendo na kuwa kama springi ya ziada, bila kuugusa ulaini wa mwanzo. Pande zote mbili zilingane kabisa. Ikiwa vifuniko vyako vina vali ya hewa, anza bila presha yoyote, na usiijaze kwa kompresa ya gereji, kwani nafasi iliyomo ni ndogo kiasi kwamba mpulizo mmoja hutosha kusukuma sili nje.