Mbegu za maboga kwa minyoo na choo kigumu

Dada, umeuliza kama mbegu za maboga zitamtoa minyoo mwanao wa miaka mitatu na kumlainishia choo, kama mama mkwe anavyosisitiza.

Mama mkwe hajalitunga. Watu wa mabara mbalimbali wamezitumia kwa minyoo tangu zamani, hasa tegu, yaani minyoo mirefu iliyo bapa. Zilitwangwa mbichi, zikachanganywa na uji au asali na kuliwa asubuhi kabla ya kitu kingine, kisha saa chache baadaye mtu akanywa dawa ya kuharisha. Hiyo hatua ya pili wengi huisahau. Kiini cha mbegu hizo, kukurbitini, huaminika kumlegeza mnyoo ashindwe kushikilia utumbo, hakimuui. Asipotolewa, anabaki humo humo.

Kwa mtoto wako nisingetegemea njia hiyo. Mpeleke akapimwe choo, apewe albendazoli au mebendazoli kwa kipimo cha umri wake. Ni dawa rahisi na zinafanya kazi kwa minyoo ya kawaida.

Choo kigumu ni habari nyingine. Mbegu zina nyuzinyuzi, lakini bila maji ya kutosha zinaweza kukifanya kigumu zaidi, hasa zikiliwa na maganda yake. Saga kijiko kimoja cha zilizomenywa, changanya kwenye uji, na umnyweshe maji. Usimpe nzima, atapaliwa.

Akiwa na damu kwenye choo, tumbo limevimba au anatapika, achana na mbegu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.