Maswali ya Wasomaji: Mtaa wa Mita Sita, Miti na Wanaotembea

Barua za toleo hili zimeegemea upande mmoja: wakazi wa mitaa myembamba wanaotaka kivuli, pa kutembea na magari yaendayo polepole. Zilizofanana tumeziunganisha.

Mtaa wetu una upana wa mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa mita 100. Magari huegeshwa pande zote mbili, watoto wanapita katikati. Tunataka miti, viti na njia ya kutembea, na wenye magari waendelee kuingia. Vyote vitaenea? (Katibu wa kamati ya mtaa)

Haviwezi kukaa bega kwa bega, ila vinaweza kupokezana. Kabla ya kuchora chochote, pima upana kila baada ya mita 10. Mtaa unaoitwa wa mita 6 mara nyingi una mahali pa mita 5.4, penye ngazi ya nyumba au nguzo ya umeme, na mchoro wote hutawaliwa na hapo. Weka alama kwenye kila mlango, geti, mfuniko wa chemba, mita ya maji na nguzo.

Kisha nendeni zimamoto. Sehemu nyingi hudai njia iliyo wazi ya mita 3.5 hadi 3.7, kanuni inayotumika sana Marekani hudai futi 20, yaani takriban mita 6.1. Jibu lao ndilo litakaloamua mchoro, kwa hiyo lipateni kwa maandishi kabla ya kutumia hata siku moja kubishana kuhusu aina ya maua. Na zingatieni hali ya sasa: gari lililoegeshwa hula karibu mita 2, pande zote mbili ni mita 4, kwa hiyo zimebaki 2. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5. Leo hii halipiti. Hoja hiyo hunyamazisha mabishano mengi kuliko hoja ya kivuli.

Tuseme mmeruhusiwa mita 3.5. Zimebaki 2.5, na kosa la kawaida ni kuzigawa nusu kwa nusu. Mita 1.25 kila upande haitoshi mti wala gari, na watu wawili hawapishani vizuri. Ziwekeni upande mmoja: ukanda wa mita 2 wa miti, viti na maegesho, na nusu mita inayobaki iwe upande wa pili, ili mtu akifungua mlango asikutane na bampa. Kila baada ya mita 30 hivi, uhamisheni ukanda upande wa pili. Kona hiyo ndogo humpunguza dereva mwendo kuliko kibao chochote, mradi asiione njia yote imenyooka mbele yake. Pale ukanda unapohama acheni mita 8 hadi 10 bila kizuizi, kisha ombeni gari halisi la zimamoto lipite katikati ya koni kabla hamjamwaga zege. Mchoro huonyesha gari likikata kona vizuri. Dereva akiwa na ngazi juu na nguzo pembeni huona mengine.

Hesabu ya ukanda sasa. Toeni mita 5 kila mwisho wa mtaa ili anayevuka aonekane, toeni mahali pawili pa kuhama, zimebaki kama mita 70. Nafasi moja ya maegesho ni mita 5.5, kwa hiyo nafasi tano zinachukua 27.5 na kijani kinapata zaidi ya 40. Mageti yatapunguza kidogo. Kabla ya kupanga idadi, hesabuni magari saa tano usiku siku ya kazi, na tena mwisho wa juma. Mara nyingi sehemu ya magari hayo si ya wakazi, na hayo ndiyo ya kwanza kuondoka.

Mtaa wa namna hii lazima uwe wa mwelekeo mmoja, au ufungwe upande mmoja kwa vizuizi vinavyofunguka. Wazo lenyewe si geni: mji wa Delft, Uholanzi, ulianza kuwa na mitaa ya hivyo, ambamo magari na wanaotembea hutumia njia moja, mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1976 sheria ya nchi hiyo ikaitambua, dereva akitakiwa kwenda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Ila ikiwa mtaa wenu bado ni njia ya mkato kati ya barabara mbili kubwa, mchoro mzuri hautaokoa kitu. Ondoeni kwanza faida ya kupita hapo.

Je, matuta peke yake hayatoshi? Ni rahisi zaidi.

Tuta moja hupunguza mwendo pale lilipo. Dereva akilipita anakanyaga mafuta kufidia. Yakitumika, yawe na nafasi ya mita 60 hadi 80 kati yao, urefu wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Lile tuta fupi na kali linalomwagwa usiku na wakazi wenyewe linaumiza mgongo wa mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa, halimzuii mwenye pikipiki, na likiziba mfereji wa pembeni hugeuka bwawa.

Mnapojadili mwendo, tumieni umbali wa kusimama. Kwa lami kavu na sekunde moja ya kushtuka, gari la kilomita 20 kwa saa husimama ndani ya mita 8, la kilomita 30 ndani ya mita 13 au 14. La kilomita 50 huhitaji karibu 28. Maana yake, pale ambapo wa 30 ameshasimama, wa 50 ndiyo kwanza mguu unagusa breki.

Tuliweka vitofali vya pevingi vinavyopitisha maji. Baada ya msimu mmoja wa mvua maji yanasimama juu yake. Fundi anasema udongo wetu ni mbaya. (Mkazi na mweka hazina)

Huenda udongo hauna hatia. Pimeni kwanza. Chukueni pete ya bati au plastiki yenye kipenyo cha sentimita 30, ibandikeni juu ya vitofali kwa udongo wa mfinyanzi pasiwe na upenyo, mmwagie lita chache kulowesha, kisha mimineni lita 18 mkihesabu muda. Yakiisha ndani ya dakika chache, uso ni mzima na tatizo liko chini. Yakichukua zaidi ya saa nzima, viungo vimeziba.

Sababu ya kwanza ya kuziba ni mchanga. Fundi aliyezoea pevingi ya kawaida hujaza viungo kwa mchanga na kulaza vitofali juu ya mchanga, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Kwa pevingi ya kupitisha maji mchanga huo ni kizibo. Viungo vya milimita 6 hadi 10 vijazwe kokoto ndogo iliyooshwa, ya milimita 2 hadi 6. Kitanda cha sentimita 5 kiwe cha kokoto hiyohiyo. Na chini yake kuwe na tabaka la kokoto kubwa zaidi isiyo na vumbi. Neno la kusimamia kwenye mkataba ni "iliyooshwa". Lori la kokoto lenye vumbi la machimbo likishamwagwa na kushindiliwa, hakuna dawa.

Sababu ya pili ni bustani iliyo juu kuliko pevingi: kila mvua hushusha udongo. Uso wa bustani uwe chini ya pevingi kwa sentimita 5 angalau. Ya tatu ni jirani anayejenga na kukorogea saruji barabarani. Hiyo ni ya kupigwa marufuku waziwazi.

Kama ni viungo tu, kwangueni sentimita 2 au 3 za juu na mjaze kokoto safi. Kama kitanda chote ni mchanga, vitofali vitang'olewa, ingawa vyenyewe vinatumika tena.

Angalieni mteremko pia, kwani wengi huusahau. Tabaka la kokoto la sentimita 35 lenye uwazi wa asilimia 30 hubeba milimita 105 za mvua, nyingi sana, lakini kwa mtaa ulio tambarare. Kwenye mteremko wa asilimia 5, maji yaliyojaa hadi juu upande wa chini hufika mita 7 tu kwenda juu, kisha hububujika nje huku tabaka la juu likiwa tupu. Dawa yake ni vikuta vifupi vya zege vinavyokata tabaka hilo kila baada ya mita 6 au 7, ili kila chumba kishike maji yake. Kwa udongo wa mfinyanzi, wekeni bomba lenye matundu chini na mlipeleke kwenye mfereji.

Bustani ya kupokea maji ya mvua iwe kubwa kiasi gani? Na mbu?

Mtaa wa mita 100 kwa 6 ukinyeshewa milimita 25 unatoa lita 15,000, bila kuhesabu mapaa. Anzeni na bustani ya asilimia 8 hadi 10 ya eneo linaloleta maji, yenye bonde la sentimita 15, na udongo uliochanganywa: mchanga zaidi ya nusu, kinachobaki mboji na udongo wa juu. Kateni ukingo wa barabara upana wa sentimita 30 hadi 45 maji yaingie, na pangeni mawe pale yanapoangukia, la sivyo mvua ya kwanza itachimba shimo. Njia ya kutokea maji yakizidi iwepo tangu siku ya kwanza. Bustani isisogee msingi wa nyumba karibu zaidi ya mita 3. Kwa mtaa wa mita 6 nafasi hiyo haipatikani, kwa hiyo wekeni karatasi nene ya plastiki kwenye ubavu wa upande wa ukuta, na bomba la kutolea maji chini.

Mbu huhitaji takriban wiki moja ndani ya maji kabla hajaruka. Bonde likikauka ndani ya saa 48 hawapati muda huo. Lisipokauka, ni dimbwi, na jirani anayelalamika ana haki.

Miti iliyopandwa mtaani ama inakufa ama inapasua njia. Kuna aina isiyofanya hivyo?

Swali la aina linakuja baada ya swali la udongo. Shimo la mita moja kila upande lina mita 1 ya ujazo. Mti mdogo, wenye matawi yaliyotanda mita 5 au 6, unahitaji kama 8 hadi 12. Ukikosa, mizizi hutafuta hewa na unyevu pale palipo navyo, chini kidogo ya pevingi, na kuiinua. Unganisheni mashimo kuwa handaki moja: upana mita 1.5, kina mita 0.8, urefu mita 8, ni karibu mita 10 za ujazo. Handaki likipita chini ya maegesho, fuateni njia inayotumika Stockholm: mawe ya sentimita 10 hadi 15 yanashindiliwa yakabana, kisha udongo wenye mboji unasukumwa kwa maji uingie kwenye nafasi kati yake. Mawe hubeba gari, mizizi hupita katikati. Acheni matundu ya hewa juu.

Tenganisheni miti midogo kwa mita 7 au 8. Chini ya nyaya za umeme chagueni kwa kimo cha ukubwani. Mizizi huingia kwenye bomba la maji machafu linalovuja tayari, hivyo kagueni mabomba kabla ya kufunga barabara, kwa sababu kuifukua tena ni gharama mara mbili. Shingo ya mti, pale shina linapopanukia mizizi, ibaki juu ya udongo. Kuizika ndiko kunakoua miti mingi polepole. Lita 40 hadi 60 kwa wiki, kila kiangazi, miaka miwili ya kwanza. Andikeni jina la anayemwagilia.

Pasipotosha mti, mmea wa kutambaa kwenye waya zilizovutwa sentimita 10 mbele ya ukuta unaridhika na udongo wa upana wa sentimita 40. Tunaona unadharauliwa bila sababu.

Sioni. Mtaa ukisawazishwa wote bila ukingo, nitajuaje niko wapi? (Msomaji anayetumia fimbo nyeupe)

Hofu hiyo ina msingi, na uso uliosawazishwa wote si lazima. Ukingo wa sentimita 6 au zaidi huhisiwa kwa fimbo. Chini ya hapo ni bahati. Kwa mtaa wa mita 6, ombeni mgawanyo huu mbadala: njia ya kutembea ya mita 1.5 isiyohama kando ya ukuta mmoja, ukingo wa sentimita 6, njia ya magari ya mita 2.75, na mita 1.75 za kijani. Zimamoto wanaweza kuhesabu njia mbili za kwanza pamoja, mita 4.25 zisizo na kitu kilichosimama, mradi njia ya kutembea iwe imejengwa kubeba uzito wa lori. Maegesho yanapungua karibu yote. Kwenye vivuko, ukingo ushuke na vigae vyenye vinundu viwekwe, na mteremko usizidi 1 kwa 12 kwa ajili ya vitimwendo. Pikipiki na vyungu vya maua ndani ya ile mita 1.5 ni suala la kukemewa kila siku, si la mchoro.

Nusu ya majirani wanapinga. Tufanyeje?

Jaribuni kwa miezi mitatu kwa rangi, koni na masanduku ya mimea. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito wa kama tani 1.5 au zaidi, kwa hiyo pangeni sanduku mahali pake kabla ya kulijaza. Karibu na vivuko, sanduku na mmea wake kwa pamoja visizidi sentimita 60 ili mtoto aonekane. Hesabuni magari, waenda kwa miguu na nafasi zilizokaliwa siku zilezile na saa zilezile, kabla na wakati wa jaribio, na mbandike matokeo mahali pa wazi, hata yale yasiyowafurahisha. Lori la taka likipita, tazameni masanduku: lenye mkwaruzo ndilo la kusogezwa.