Shimo kwanza, ramani baadaye: jibu kwa dada anayejenga Ruai

Dadangu wa Ruai, simamisha kila kitu. Usimlipe fundi, usiagize mawe, usiite tingatinga. Nimesoma uliyoandika mara mbili na roho imeniuma. Una ploti ya hamsini kwa mia, ramani uliyonunua mtandaoni kwa shilingi 15,000, nyumba ya umbo la U inayozunguka kidimbwi cha samaki na mwembe, sebule iliyoshuka ngazi mbili, na unataka msingi uanze Januari. Kisha unauliza kama paa liwe la vigae au la mabati, kama jikoni pawe wazi, kama gorofa inashinda nyumba ya chini, na kama milioni nne zitatosha. Maswali manne, na hakuna hata moja linalogusa udongo. Unajenga Ruai na hujauliza udongo!

Mimi niko mtaa wa Utawala, mashariki mwa Nairobi kama wewe. Udongo wako ndio wangu, ule mweusi wa pamba unaoanzia Embakasi ukaendelea hadi huko kwenu na kuvuka hadi Kitengela. Ploti niliinunua Januari 2014. Wauzaji walitupakia kwenye basi Jumamosi asubuhi, wakatupa soda, wakatushusha kwenye uwanda mkavu uliopasukapasuka. Kijana mwenye kofia akatuambia nyufa zile ni jua tu. Ni kweli zilikuwa za jua. Alichonyamazia ni kile ambacho udongo huo hufanya mvua ikinyesha.

Mama yangu hakunyamaza. Amelima mpunga Mwea tangu kabla sijazaliwa. Nilipompeleka kuiona ploti, hakuuliza barabara iko umbali gani wala stima imefika wapi. Aliinama, akaokota bonge, akalivunja kwa shida, akamwagia maji kidogo ya chupa na kulisugua kati ya vidole hadi likamgandia kama gundi. Akasema, "Mwanangu, huu ni ule wetu wa mpunga. Nyumba utaisimamisha juu ya nini?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, siku hizi kuna wataalamu.

Sasa huyo mtaalamu. Alikuwa na ofisi ya vioo mjini, kompyuta mbili na picha za nyumba nzuri ukutani. Nilimweleza ndoto yangu yote: nyumba ya chini ya umbo la L, bawa moja la kulala na bawa moja la kukaa, dirisha la kona, na sebule iliyoshuka ngazi mbili kama yako. Siku nne tu ramani ikawa tayari, nikampenda kwa uharaka wake. Miaka baadaye ndipo nilipojua uharaka ule ulitoka wapi. Ukurasa wa msingi aliunyofoa kwenye ramani ya mteja mwingine aliyejenga Kiambu, kwenye udongo mwekundu, akabadilisha jina la mwenye nyumba. Jina la mahali alilisahau, bado limo kwenye kona ya karatasi. Mtaro wa futi tatu, zege, mawe, basi. Nilimuuliza, naapa nilimuuliza, kama tupime udongo. Akanijibu, "Bosi, msingi ni msingi. Mambo ya kupima ni ya magorofa ya mjini."

Maneno hayo yamenila zaidi ya milioni mbili. Nikiyakumbuka usiku bado napata joto kifuani. Mtu anachukua ndoto yako, anaipaka rangi, anakuonyesha gari limeegeshwa mbele ya mlango na maua yamechanua, na hajawahi kukanyaga ploti yako hata mara moja! Hakuwa hata kwenye orodha ya bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji gharama, na orodha hiyo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Tafuta jina la wako leo. La mhandisi pia, wao wana bodi yao.

Tulianza kujenga Agosti 2016. Ukame wa kipindi kile mnaukumbuka, hadi serikali ikautangaza janga la kitaifa Februari 2017. Mitaro ilisimama wima kama imekatwa kwa kisu. Fundi aligonga chini kwa mtaimbo akaniambia, "Sikia hiyo, ni mwamba." Kwa mlio tu, ungeamini. Udongo mweusi ukikauka hushinda tofali kwa ugumu. Tukamwaga zege juu ya udongo uliosinyaa ukafika mwisho wake, tukapandisha mawe ya Ndarugo, tukaezeka, tukahamia Desemba 2017. Nilichinja mbuzi.

Kisha ikaja masika ya 2018, ile mvua iliyofurika nchi nzima.

Nisikilize vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo pesa zangu zilipozama. Udongo huu una mfinyanzi wa aina inayofyonza maji na kuvimba, na ukikauka unasinyaa. Kama ungevimba sawasawa, nyumba nzima ingepanda na kushuka bila wewe kujua. Haufanyi hivyo. Kandokando, mvua inakopiga, hulowa kwanza, na katikati chini ya slabu, ile sakafu ya zege, hubaki pakavu. Pembe za nyumba zinainuliwa, tumbo linabaki chini. Kiangazi kikija mambo yanageuka: kando zinakauka na kushuka, katikati unyevu umeshafika na hautoki. Nyumba inakuwa kama mtu aliyekalia kigoda chenye mguu mmoja mfupi, na kila msimu ni mguu tofauti.

Ufa wa kwanza ulianzia pembeni mwa lile dirisha la kona, ukapanda mshazari hadi darini. Wa pili ulifuata maungio ya mawe kama ngazi. Mlango wa chumba cha watoto ukakataa kufunga. Seremala akaupiga randa, Agosti ukawa na mwanya wa kupitisha kidole, Novemba ukakwama tena. Pale mabawa mawili ya L yanapokutana, ukuta uliachana hadi nikawa naona mwanga wa nje nikiwa nimesimama kwenye ukumbi.

Sebule ndiyo iliyoumia zaidi. Kuishusha ngazi mbili kulikuwa ni kuizamisha ndani ya udongo uleule. Sakafu iliinuka katikati na vigae vikapasuka usiku kwa mlio wa mtu anayevunja njugu. Maji yaliyotuama nje yakapata mahali pa chini pa kuelekea, yakaingia ndani. Mke wangu alikunja zulia akaliweka juu ya kabati, na hadi leo halijashuka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeuziba mara tatu, 2018, na mara mbili mwaka uliofuata, na ukuta nikaujenga vilevile, kwa sababu ufa ule haukuanzia ukutani. Kila fundi aliyekuja aliniuzia plasta. Mmoja aliniambia ni simiti mbaya. Mwingine ni vyuma vyembamba. Hakuna aliyeinama kuangalia chini.

Mwaka 2020 ndipo nilipomleta mhandisi aliyesajiliwa. Hakufungua kompyuta. Alisema tu, "Nitafutie vijana wawili na sururu." Wakachimba kando ya msingi. Futi tatu, mweusi. Futi tano, mweusi. Futi saba na kidogo, sururu ikalia: mwamba. Futi nne! Nyumba yangu ilikuwa imeelea futi nne juu ya mwamba ambao ungeibeba bila kutikisika. Kazi ya vijana wale ilinigharimu shilingi 3,000 na chakula cha mchana.

Shilingi 3,000 hizo ningezitoa kabla ya kuchora, nisingetoa milioni 2.3 baadaye. Tulibomoa maungio ya L na kuyatenganisha mabawa. Tulishusha nguzo hadi mwambani chini ya kuta zilizokuwa bado zimesimama, kipande kwa kipande. Sebule tuliijaza ikalingana na vyumba vingine. Nyumba yote tukaizungushia sakafu ya zege ya upana wa mita moja na nusu ili maji yasikaribie ukuta, na mifereji ya paa ikapewa mabomba ya kuyapeleka mbali. Nyumba yenyewe ilikuwa imenigharimu milioni 4.6. Mama alikuja wakati ule. Aliliangalia rundo la udongo lililotoka, hakunikumbusha chochote, akaomba tu nimwachie pembe moja apande nduma. Zimestawi sana.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu nyumba ya ndoto, jibu langu ni hilo moja: chimba shimo kabla ya kuchora. Narudia, kabla ya kuchora, wala si kabla ya kujenga. Watu wengi huelewa kwamba udongo unahusu msingi peke yake, ramani ikishapendeza mhandisi atatafuta namna. Namna ipo kila mara, lakini ni wewe utakayeilipia, na ni shimo linalokuambia nyumba iwe na umbo gani.

Chukua hiyo U yako. Nyumba ya chini kama hiyo, tuseme inalalia mita za mraba 140. Mwamba ukiwa mita mbili chini na mhandisi akisema udongo wote utoke, hizo ni mita za ujazo 280. Udongo ukishachimbuliwa hufura, hesabu 350. Tipa ikibeba 14, ni safari 25 za kutoa tu, na bado hujaleta maramu, ule udongo mgumu wa changarawe, na mawe ya kujaza na kushindilia tabaka kwa tabaka. Nyumba hiyohiyo ukiipandisha gorofa, chini ikalalia mita 75, uchimbaji unapungua karibu nusu. Haya, swali lako la gorofa limejibiwa na shimo.

Au mhandisi atakuambia nguzo ziende hadi mwambani na kuta zikae juu ya mihimili. Basi kuta zinyooke, na za juu zikae juu ya za chini. Kila pembe ni nguzo, kila nguzo ni shimo, na hiyo U ina pembe nane. Wengine huambiwa wamwage slabu moja nene yenye vyuma chini ya nyumba yote, nayo hupenda umbo la mstatili lisilo na mikono. Na ukibahatika, shimo likaonyesha maramu kwenye futi mbili na nusu, chora U yako, nitakuwa wa kwanza kukupongeza.

Kidimbwi usikiweke katikati. Umezungusha kuta pande tatu halafu unalowesha udongo katikati yake mwaka mzima, na mwembe nao unyonye maji upande mmoja kiangazi. Hata shimo la maji taka lifikirie, udongo huu haunywi maji upesi, kwa hiyo lisiwe karibu na msingi. Na sebule ya kushuka, dadangu, iache. Nakuomba. Ukitaka sebule iwe na heshima, inua dari.

Usidhani pia kwamba muhuri wa idhini kwenye ramani ni ushahidi kwamba mtu alikuja kuchimba kwako. Muhuri unaidhinisha kilichochorwa. Kama msingi uliochorwa ni wa udongo wa mtu mwingine, umeidhinishiwa msingi wa mtu mwingine.

Kuchimba kwenyewe ni hivi. Weka vigingi mahali nyumba itakapokaa, usichimbe mpakani kwa sababu ndiko kunakofikika. Mashimo matatu: pembe mbili zinazokabiliana na moja katikati, maana kwangu mwamba ulitofautiana karibu futi mbili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila shimo liwe na upana wa mtu kuingia na kugeuka. Likipita kifua wapanue kwanza, na mvua ikinyesha asiingie mtu, kuta za udongo huo hubomoka bila kutoa ilani. Usiku yafunike, watoto wa jirani hupita humo. Weka udongo wa kila tabaka kwenye mfuko wake, andika futi. Kisha mwite mhandisi aje asimame pale, ayaone kwa macho yake. Akitaka sampuli zipelekwe maabara, zipeleke. Ni yeye atakayempa msanifu masharti, na msanifu ndipo afungue kompyuta.

Vijana wa sururu utawapata asubuhi na mapema stejini, nenda Jumamosi hii kabla jua halijawa kali. Ubebe futi ya kupimia. Jioni uniandikie hapa namba tatu za kila shimo: weusi uliishia wapi, maramu yalianza wapi, na sururu ililia wapi. Nitakuwa nasubiri.