Waliitwa vibarua, sisi tukaitwa maskwota

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza ni dhuluma gani ya mbali ambayo msomaji aliijua akiwa mtu mzima tayari na ikampa nguvu ya kufungua mdomo kwao. Yangu ni ya visiwa vya Chagos, na nimeijua nikiwa na miaka 34, mimi mtoto wa Kilifi niliyekua naiona Bahari ya Hindi kila siku, lakini hilo jina sikuwahi kulisikia shuleni wala kwa mtu yeyote.

Nilianza na video usiku mmoja, usingizi umekataa. Mama mmoja anaitwa Liseby Elysé anaongea Krioli mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa kule The Hague, ilikuwa Septemba 2018, na manake hajui kusoma wala kuandika walimrekodi akiongea ndio ikaonyeshwa pale mahakamani. Anasimulia vile 1973 walipakiwa kwenye meli inaitwa Nordvaer kukiwa na giza ili wasikione kisiwa chao kikibaki nyuma, naye alikuwa na mimba ya miezi minne, mtoto akazaliwa Mauritius na akafa. Niliirudia mara tatu hiyo video.

Kumbe ilikuwa hivi. Waingereza walivikata visiwa hivyo kutoka Mauritius 1965, kabla Mauritius haijapata uhuru, wakalipa pauni milioni 3, halafu wakawapa Wamarekani kisiwa kikubwa cha Diego Garcia wajenge kambi ya jeshi. Shida ni kwamba kulikuwa na watu, karibu 1,500 hadi 2,000, wanaoangua nazi na kuvua samaki, na wazee wao waliletwa kule utumwani kutoka Msumbiji na Madagascar tangu mwisho wa miaka ya 1700. Wengine walienda Mauritius kwa matibabu tu au kusalimia ndugu, wakitaka kurudi wanaambiwa hakuna meli, kwenu kumefungwa. Waliobaki wakapunguziwa vyakula. Mbwa wao wakakusanywa wakauawa kwa moshi wa magari ya jeshi, watoto wanaona.

Lakini kilichoniuma zaidi ni neno. Wakubwa wa London walikubaliana kwenye karatasi zao kwamba wale watu waandikwe kama vibarua wa muda, eti Chagos haina wenyeji wa kudumu, manake ukisema kuna wenyeji itabidi uwaulize kama wanataka kuondoka. Vizazi vitano vimezikwa pale na wewe unaandika kibarua!

Hapo ndipo nilikaa kitandani. Kwa sababu hata sisi tuna neno letu. Pale kijijini kwetu masoroveya walikuja mwaka juzi wakapanda mabikoni, vile vigingi vya mipaka, katikati ya minazi ya nyanya yangu, Hawe tunamwita, kisha ikaja barua imeandikwa "maskwota waliovamia shamba". Na mimi niliisoma hiyo barua kwa sauti, nikamfasiria Hawe, nikasema skwota ni mtu asiye na hati, nikaikunja nikaiweka kabatini, miezi minane nzima sikuuliza chochote, barazani nilikuwa naketi nyuma nikichezea simu. Najua uoga wangu ulikuwa wa nini, nina kazi ya mkataba na nilihofia kuitwa mchochezi. Lakini yule mama hana kazi ya ofisini wala shule, na alisema mbele ya majaji wa dunia nzima. Na hakuwa wa kwanza, akina mama wa Chagos waligoma kula Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, miaka ya 80 mwanzoni wakapigwa na polisi na kufungwa. Mchagos mwenzao Olivier Bancoult aliwashinda Waingereza kortini kwao London mwaka 2000, wakaja kumpokonya ule ushindi 2004, akaendelea. Februari 2019 mahakama ya The Hague ikasema Uingereza iondoke Chagos haraka iwezekanavyo. Ilikuwa ni ushauri tu na wakati huo Uingereza ikaupuuza, lakini lilisemwa na likaandikwa.

Baraza lililofuata niliinua mkono. Sauti ilitetemeka vibaya sana na magoti pia, nikasema mzee chifu naomba barua ya familia yetu isiandikwe skwota, Hawe amezaliwa pale na mama yake amezikwa pale, mtu hawezi kuvamia kaburi la mama yake. Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja ambaye hata si wa ukoo wetu akasimama akasema na kwangu pia, wakafuata wengine, siku hiyo tulitoka saa moja usiku.

Shamba hatujapewa, kesi ndio imeanza na wakili anataka ushahidi. Lakini barua ya pili imeandikwa "wakazi".

Nilimwambia Hawe kwamba 2006 Wachagos karibu 100 waliruhusiwa kwenda kwao siku chache tu wakasafishe makaburi, kisha wakarudishwa. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza waliyakuta yameota nyasi kiasi gani. Jumamosi tunaenda kufyeka ya kwetu, naenda na kamera, kuna moja saruji yake imeandikwa 1938.