Divisheni tuu ya pointi 10: udaktari upo?

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha sita, PCB. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Divisheni tuu (daraja la pili) ya pointi 10. Jirani anasema chuoni zinahesabiwa 8. Nani sahihi? Anataka kusomea udaktari chuo cha Bugando, hapa Mwanza.
Mama wa Ilemela, Mwanza

JIBU: Wote wawili, mama. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Vyuo hugeuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Binti ana 2+3+3, yaani 8. Njia ya mkato: toa pointi za divisheni kwenye 18, ila pakiwa na alama ya S au F haifanyi kazi. General Studies haimo kwenye hesabu hii.

Sasa, sifa ya chini ya kujiunga ni mlango tu. Nafasi za udaktari ni chache, na wenye A na B hupangwa mbele yake. Asijaze udaktari mtupu. Aweke pia uuguzi, famasia au maabara, akisoma kwanza masharti ya kila chuo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, athibitishe kimoja ndani ya muda. Hapo wengi hupoteza nafasi kwa uzembe.

Akikosa, diploma ya utabibu ni njia halali, ndefu kidogo. Baadaye akiomba udaktari kwa diploma hiyo, huangaliwa GPA, yaani wastani wa alama zake, pamoja na masomo ya kidato cha nne, Hisabati na Kiingereza yakiwemo.